Mjusi Aliyetangulia Mahari

Mtu akiniambia anataka kufuga mjusi mwenye ndevu, mimi humuuliza kwanza ni nani aliyempa hilo wazo, na huyo aliyempa anataka nini. Watu hucheka wakidhani nafanya mzaha. Mimi nimeuza ndizi soko la Gakoromone tangu binti yangu akiwa mgongoni, na mkungu siununui kwa kuangalia ule upande mwenyewe ananionyesha. Nauzungusha, nakata ndizi moja katikati, ndipo tuongee. Kwa hivyo mnyama wa kutoka nchi za watu akiingia kwangu ndani ya sanduku la kioo, usitarajie nitamkaribisha na chai.

Alikuja mwanzoni mwa ile miezi ya baridi, wakati hapa Kanyakine unaamka huoni hata migomba ya jirani kwa sababu ya ukungu. Binti yangu ndiye aliyemleta. Binti ni muuguzi Embu, na mjusi hakuwa wake, alikuwa wa kijana aliyetaka kumuoa. Kijana mwenyewe alikuwa ametumwa kazi kaskazini, kufunga mitambo ya simu mahali ambapo, ajabu ya Mungu, simu hazishiki. Binti anaishi chumba kimoja na mwenzake wa kazi, na huyo mwenzake aliapa kwamba mjusi akiingia, yeye anatoka. Basi nikaonekana mimi.

"Ni wiki chache tu, mama," binti akaniambia. "Hana shida. Ni mpole kuliko kuku."

"Na mama wa huyo kijana hana nyumba?"

"Anakaa mbali."

Hapo nikashuku. Mbali ni wapi? Ni Mbeere chini, upande wa Ishiara, ambako jua linachoma mpaka mbuzi wanatafuta kivuli. Na binti huyo huyo alikuwa amemaliza kunieleza kwamba huyu mnyama bila joto hawezi kuishi. Sasa kwa nini mnyama wa joto aletwe kwenye baridi, tena kwa mwanamke ambaye hajamkubali mwenye mnyama? Kwa sababu nilikuwa sijamkubali, na sikuficha. Siku alipokuja kunisalimia mara ya kwanza alikunywa nusu kikombe cha chai, akasema ameshiba, kisha akakaa akitazama ukuta. Nilisema mbele ya shemeji yangu na mbele ya kina mama wa kanisa kwamba huyo kijana simwelewi. Maneno hayo yalifika Nkubu kabla mimi sijafika nyumbani.

Tuliweka sanduku sebuleni juu ya meza. Mjusi alikuwa wa urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, mwenye rangi ya mchanga, na chini ya kidevu alikuwa na miiba laini iliyojipanga vizuri kama ndevu za mzee wa kanisa. Alinitazama kwa jicho moja. Nami nikamtazama.

Jambo la kwanza nililouliza ni karatasi. Mnyama wa kigeni hafugwi Kenya hii bila kibali cha watu wa wanyamapori, na sikuwa tayari kushikwa kwa sababu ya kenge wa mtu. Binti akanionyesha kibali kwenye simu. Nilikisoma mpaka chini kabisa, hata yale maandishi madogo, naye akapumua kwa nguvu jinsi anavyofanya nikimchosha.

Kisha akanifundisha. Taa ni mbili. Moja ni ya joto, na hiyo huwekwa upande mmoja tu wa sanduku, ili mnyama akichoka na joto ajisogeze kwenye ubaridi. Ya pili ni ile ndefu nyeupe, inayofanya kazi ya jua, na bila hiyo mifupa yake hulainika hata kama amekula akashiba. Chakula ni panzi na nyenje, lakini wasiwe wakubwa kupita ile nafasi iliyo kati ya macho yake, na wapakwe unga wa kalsiamu. Mboga ni sukuma wiki na majani ya malenge. Avokado hapana kabisa, ni sumu kwake, na mimi boma langu limezungukwa na miparachichi pande zote. Kimulimuli mmoja tu anaweza kumuua. Mdudu wa shamba lililopigwa dawa pia, na hapa kwetu niambie shamba gani halijapigwa dawa. Ukimshika unanawa mikono kwa sabuni. Akijifungia kona moja na kulala siku nyingi wakati wa baridi usikimbilie kumzika, kwa sababu huwa wanalala hivyo, kama wafu. Na ukimtunza vizuri anaishi miaka kumi, hata zaidi.

"Miaka kumi," nikasema. "Huyo kijana anakuoa wewe ama anawaoa wawili, wewe na mjusi?"

Binti akacheka mpaka akashika meza. Tangu baba yake atuache tumekuwa wawili tu, na kwa huyo msichana naweza kuvumilia mambo mengi, hata kenge.

Shemeji yangu alikuja Jumapili baada ya kanisa. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na yeye ndiye angeongoza mazungumzo ya mahari. Alisimama mbele ya kioo akiegemea fimbo yake.

"Huyu ni wa nani?"

Nikamwambia. Akaketi, akakataa chai. Shemeji akikataa chai ujue kuna neno.

"Mnyama wa mwanamume anayetaka msichana wetu amelala kwa hili boma," akasema. "Kondoo hajaletwa. Asali haijaletwa. Huyu ametangulia."

"Si wa mahari, shemeji. Ameachwa tu nimwangalie."

"Wewe unajua hivyo. Wazee wakiniuliza nitawaambia nini? Mnyama ni mnyama."

Nilitaka kucheka, lakini shemeji si mtu wa mizaha. Kwetu mahari huanza na kondoo jike ambaye hajazaa, na mnyama yeyote anayevuka lango kutoka upande wa mume, wazee humwangalia kwa jicho hilo. Akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mtoto. Nikimrudisha kwao kwa mkono wangu, nitakuwa nimemkataa kijana na posa yake. Na akinifia kabla ya wazee kukutana, mazungumzo yatasimama mpaka ijulikane amekufaje.

"Na wewe umeshasema huyo kijana humtaki," akamalizia. "Watu wote wamesikia. Kwa hivyo asikufie."

Nilikaa hapo nikimwangalia yule mjusi, na nikaona wazi nilivyofungwa. Akifa, hakuna mtu angesema ni baridi. Wangesema ni mimi. Shemeji angesema ni mimi, kanisa lingesema ni mimi, lakini hao ningewaacha waseme hadi wachoke. Tatizo ni binti yangu. Yeye pia angeamini kwamba nilimuua mnyama ili nimvunjie ndoa, na ningeishi na hilo jicho lake mpaka kaburini. Tangu siku hiyo nilimwangalia yule mjusi kuliko nilivyowahi kumwangalia mgonjwa.

Naye, kama aliyesikia, akaanza kukataa chakula.

Kwanza aliacha sukuma. Kisha panzi wakawa wanamtembelea mgongoni yeye akiwatazama tu. Nikiweka mkono ndani, ndevu zinakuwa nyeusi kama makaa na anafungua mdomo. Nikampigia binti.

"Mama, umempa nini?" akauliza.

Hakuniuliza mjusi amekuwaje. Aliniuliza nimempa nini.

"Nimempa ulichoniambia nimpe."

"Hukumpa avokado?"

"Sikumpa."

"Haya," akasema. Ile haya ya mtu ambaye hajaamini.

Nikaanza kushuku kila kitu. Nilimshuku jirani anayepulizia kahawa yake dawa, nikaacha kukamata panzi upande wa kwake. Nilimshuku kijana mwenyewe, kwamba alijua mnyama wake ni mgonjwa akaamua anifie mimi, ili siku ya mahari niwe mwenye deni. Na kwa sababu nasema ukweli, kuna siku niliwaza pia kwamba huyu akifa, ndoa nisiyoitaka imekwisha bila mimi kuinua hata kidole. Wazo hilo lilipita. Sikulikaribisha likae.

Stima ilikuwa inapotea kila mvua ikinyesha. Ikipotea, nachemsha maji, natia kwenye chupa, nafunga na kitambaa, nalaza chupa kando yake. Kuna mchana nilimfunga kifuani kwa shuka nikaendelea kumenya viazi. Nilimweka dirishani apate jua, halafu nikasoma kwenye simu kwamba jua likipita kwenye kioo halina faida ile anayoitaka. Nikasoma na lingine: ile taa ndefu huisha nguvu ya jua kabla ya kuacha kuwaka. Unaiona inawaka vizuri, nyumba yote nyeupe, kumbe mnyama yuko gizani.

Nikaizima nikaishusha. Ncha zake zilikuwa zimeungua, nyeusi. Sikujua ina umri gani, na binti hakujua.

"Lakini si inawaka, mama?"

"Inawaka. Nadhani imeisha."

"Itaishaje na inawaka?"

Alikuwa amechoka, nasikia wagonjwa wakiita nyuma yake. Kijana hakupatikana kwenye simu. Nilikwenda Meru mjini nikauliza duka baada ya duka. Mmoja akanipa taa nyekundu ya vifaranga. Mwingine akatoa ya rangi rangi, ya kwenye baa, akaniambia zote ni sawa tu. Mtu akiniambia zote ni sawa, mimi huondoka. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikachukua tenga la kuku, nikamtoa nje akae kwenye jua la kweli. Jua lilichungulia kidogo, likarudi ndani ya wingu. Lilifanya hivyo karibu wiki nzima.

Alipoanza kutetemeka miguu ya mbele, nilimwita shemeji.

"Nampeleka Ishiara," nikamwambia. "Kwa mama wa huyo kijana. Kuna jua."

"Ukimkabidhi umekataa posa."

"Simkabidhi. Sitaingia lango. Nitakaa nje nimempakata mimi mwenyewe, na jua litampiga hapo hapo. Akipona amepona. Akifa, afe wakiona kwa macho yao, wasije wakasema nimemfanyia kitu kwenye giza."

Alifikiria, akatafuta kosa, hakulipata. "Usiingie lango," akarudia.

Jirani alinibeba kwa gari lake. Nilimweka mjusi ndani ya sweta, juu ya tumbo, nikafunga na leso juu yake. Kucha zake zilikuwa zimeshika sufu, na nilizisikia njia nzima tukishuka. Tulipopita Mitunguu joto likaanza kuingia kwa madirisha, nikamwambia vumilia, tumefika. Sijui ni wapi kucha zilipoachilia. Nilijua tu, tukiwa tumeshaacha lami, kwamba sizisikii.

Nyumba ya mama wa kijana ilikuwa na lango la miti na ua wa miiba, na nje kulikuwa na jiwe kubwa. Niliketi juu ya jiwe, nikafungua leso, nikamweka mapajani kwenye jua. Jirani akarudi garini, akaniacha. Mwanamke akatoka, mrefu, mwembamba, mikono ikiwa na maganda ya ndengu. Alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ni nani, unakaa kwa lango la watu?"

Nikajitambulisha. Macho yakateremka mapajani mwangu, yakabaki hapo.

"Ingia basi, muthoni," akasema. Kwao na kwetu neno ni moja, muthoni, mkwe.

"Siwezi kuingia. Unajua."

"Najua," akasema, akaketi upande wa pili wa jiwe.

Tukakaa. Jua lilikuwa kali, la kweli, lile nililolitafuta mwezi wote. Nilimwambia kwamba huwa wanalala, kwamba mtu anaweza kudhani amekufa kumbe amelala. Akasema tungoje. Tukangoja. Alikuwa akinitazama kwa pembeni, nami nilikuwa nikimtazama kwa pembeni. Nilijua anachofikiria, kwa sababu mimi ningekuwa nafikiria hicho hicho: huyu mwanamke amemuua mnyama wa mwanangu, halafu amemleta hapa kwa gari ili aseme amefia kwetu. Nilingoja aite majirani.

"Mwanangu alimleta kwangu kwanza," akasema ghafla. "Nikamwambia hiyo kitu haiingii kwangu. Nilikuwa naogopa. Ndiyo ukapelekewa wewe."

Kwa hivyo sababu haikuwa kukaa mbali. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni, lakini sikuwa na mahali pa kuitua.

"Ulimpa nini?" akauliza.

Swali lile lile. "Sukuma. Panzi. Joto lililokuwa kwangu."

"Na taa?"

"Inawaka. Nadhani imeisha. Hakuna mtu ananiamini."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Mwanangu huyo. Akipenda kitu anakipenda sana. Kukumbuka ndiyo hakumbuki. Nilimwachia mbuzi akiwa shule, nikarudi nikawakuta wamefungwa, hawajanywa maji, na yeye amekaa kando yao anawaimbia."

Halafu siafu wakaja. Walipanda leso mmoja mmoja, wakafika kwenye jicho lake, na jicho halikufumba. Niliwafuta kwa kidole. Wakaja wengine.

"Nipe," akasema.

"Nikikupa nimekataa."

"Si kunirudishia. Namshika tu. Uko nje ya lango, na mimi niko nje ya lango."

Akamchukua kabla sijajibu. Alimshika vibaya, kwa uoga, kama mtu anayeshika kaa la moto, lakini hakumwachilia. Kisha akatoa simu kwa mkono wa pili, akabonyeza. Nilidhani anampigia mwanawe. Nikasikia akisema "mwanangu" na sauti iliyojibu ilikuwa ya binti yangu. Sikujua kwamba ana namba ya binti yangu. Hata hilo nililiweka kando, la kuulizia baadaye.

"Niko na mama yako hapa nje kwa lango," akasema. "Amemleta yule mnyama aote jua. Amemleta akiwa mzima, macho wazi. Mimi nikaomba nimshike, maana sijawahi. Amenifia mkononi, mwanangu. Ni mimi nilikuwa nimemshika. Mwambie na bwana yako hivyo, asije akauliza mtu mwingine."

Nilifungua mdomo. Alinitazama na nikaufunga. Niliutafuta uso wake wote nikitaka kuona anachotaka kwangu: ng'ombe wapunguzwe, ama nikae kimya siku ya wazee, ama nimpende mwanawe. Kila mtu anataka kitu. Sikuona kitu, na mpaka leo, binti akiwa ameshaolewa, na mahari yameshaliwa, bado namtazama huyo mwanamke kila tukikutana nikingoja aniambie bei.

"Anataka wewe," akasema, akaninyooshea simu.

Binti alikuwa akilia. Nilimsikia akijaribu kupata pumzi, kama alipokuwa mdogo.

"Mama," akasema, "nisamehe. Nilikuwa nafikiria ni wewe. Wiki yote nimekuwa nikifikiria ni wewe unamfanyia kitu, na wewe ulikuwa unampeleka kwa jua. Nisamehe, mama."

Yule mwanamke alikuwa ameshachukua jembe na kuanza kuchimba kando ya ua, upande wa nje, akiwa amenipa mgongo. Nilijua nikisema ukweli, kwamba mjusi alifia kwangu, ndani ya sweta yangu, kabla hatujafika, binti ataanza tena kuniuliza nilimpa nini.

"Nimekusamehe," nikasema.